Bega Langu na Zile Sura za Kucheka

Kakuma, Jumanne. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Mawingu yamekaa upande wa Uganda kama watu wanaongoja kuitwa ndani.

Sasa ndiyo mnakuja? Mlikuwa wapi? Nimeongea peke yangu hapa kwenye ukurasa huu kama mtu anayeita mbuzi kwenye upepo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Wewe wa Lodwar, ambaye najua unasoma mambo ya kila mtu ila yangu. Wewe wa Lorugum, uliyesema utapita kwangu ukishuka sokoni, ukashuka, ukapanda, vumbi la pikipiki yako nikaliona kwa mbali. Na wewe uliyehamia Nairobi ukasahau kwamba nilikubeba mgongoni ulipokuwa na surua na mama yako hajiwezi. Wote mmepotea. Hata jikoni kwangu hamfiki kunywa chai. Kwani maneno ya bibi kizee yanaua?

Haya, kaeni. Mmekuja, mmekuja.

Kama wewe ni mgeni, jua kwamba mimi sikusoma. Jina langu likiandikwa ukutani nitalipita kama ninavyopita jiwe. Nabonyeza mahali mjukuu wangu Nakiru alinionyesha, naongea, simu inaandika. Nakiru yuko Lodwar na baba yake, na ndiye anayeweka nukta kabla maneno hayajatoka nje. Nimemkataza kunipaka mafuta. Nikisema jambo kwa ukali aliache na ukali wake.

Leo sina hadithi ya kuchekesha.

Mkono wangu wa kulia hauinuki.

Wengine mnajua nilianguka. Hamjui yaliyofuata, kwa sababu sikuyasema, na sikuyasema kwa sababu niliona haya. Nimefika mahali pa kuyasema sasa, maana nimekata tamaa na sijui kukata tamaa hufanywa vipi. Nimezika mume, nimezika watoto, ukame umenipiga nikabaki na punda na sufuria, na bado asubuhi nilikuwa najua la kufanya. Leo nimekaa chini nikiutazama mkono wangu kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kuondoka.

Ngoja nianzie kwa nyumba.

Kwetu Waturkana nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ana kigoda chake na fimbo yake, na akitaka kuingia ndani anainama kwenye mlango ambao mkewe ameujenga. Mimi nakata fito za mathenge, ule mti wa miiba, nazikunja, nazizamisha ardhini kwa mduara, halafu nazikutanisha juu na kuzifunga utosini kwa kamba ya mkoma. Kisha makuti. Kufunga ule utosi kunataka mikono miwili juu ya kichwa, kutoka asubuhi mpaka jua likichoka. Nimefanya hivyo tangu kabla sijaolewa. Sijawahi kulala ndani ya nyumba yangu iliyofungwa na mkono wa mtu mwingine, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo mbele ya wanawake wenzangu, hata mahali ambapo hakuna aliyeniuliza.

Nyumba ya zamani ilibebwa na upepo. Nikaenda kando ya mto Tarach kukata fito mpya, nikazifunga kwenye punda, na kamba ya punda nikaizungusha kwenye kifundo cha mkono kwa sababu nilikuwa na mizigo mingine mkononi. Kila mwanamke anajua hilo halifanywi. Kila mwanamke analifanya. Lori likapiga honi nyuma yetu, punda akaruka, na bega langu likatoka mahali pake kama kiungo cha mbuzi kinapoachanishwa kwa kisu. Sauti hiyo sitaisahau.

Walilirudisha hospitalini hapa Kakuma. Halafu wakaniandikia niende Lodwar kwa kijana anayeitwa Barasa, mtu wa Bungoma, ambaye kazi yake ni kufundisha viungo kufanya kazi tena. Kijana mzuri, mikono yake ina joto. Ananiita shosho, yaani bibi. Nilimwambia mimi si shosho, hilo ni neno la kwao huko chini, akacheka akaendelea kuniita shosho.

Alichoniambia ni hiki: bega limerudi lakini limelegea, na nisipolizoeza litaganda. Nikilizoeza vizuri, polepole, huenda nikainua mkono mpaka juu kabla ya mvua.

Kabla ya mvua. Hapo ndipo roho yangu ilipofungwa.

Kwa sababu Ekal, mwanangu, baba yake Nakiru, alikuwa ameshasema lake. Ekal ni mtu mwema na mkaidi, na ukaidi anajua ameutoa wapi. Alisimama mbele ya zile fito zangu, nilizozizamisha ardhini kwa mkono mmoja nikashindwa kuzifunga, zinatazamana kama watu waliogombana, akasema, "Mama, mvua ikianza na hii kitu haina paa, nakuja na pikapu. Utakaa na sisi Lodwar. Kuna kitanda, kuna feni. Utateseka hapa kwa nini?"

Feni! Eti nitabadilisha mlango wangu kwa feni.

Mke wa Ekal si mbaya. Atanipa chakula kabla ya watoto. Atanionyesha pa kuketi. Ndiyo shida yenyewe: nitaonyeshwa pa kuketi mpaka nife. Hapa kuna mawe ya kaburi la mume wangu, na kuna mlango ambao mtu akifika huuliza kama mimi nipo. Bila nyumba sina la kumjibu Ekal. Na bila mkono sina nyumba. Mambo yangu yote yananing'inia kwenye bega moja.

Basi. Lodwar ni mbali kwenda kila wiki, kwa hiyo Barasa akaniwekea apu ya mazoezi kwenye simu. Inaongea. Inaongea Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, mwanamke mwenye sauti ya maziwa. Anakuonyesha mtu akifanya zoezi, na wewe unafanya. Barasa huko Lodwar anaona kwenye kompyuta yake unavyoendelea.

Mwanzoni nilicheka mpaka machozi. Yule mwanamke anasema, "Simama ukiutazama ukuta." Ukuta gani? Nyumba yetu ni ya mviringo kama kibuyu, haina ukuta wa kutazama. Nikaenda sokoni kwa rafiki yangu Furaha, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi anayeuza mandazi na vitenge. Kibanda chake ni cha mabati. Zoezi linataka upande ukuta kwa vidole kama buibui. Siku ya kwanza nilienda jua likiwa limepanda, nikapanda mabati kwa vidole, nikashuka haraka kuliko nilivyopanda. Wateja wa Furaha wakaniita fundi. Tangu siku hiyo nikawa naenda asubuhi, kabla mabati hayajashika moto.

Jambo la pili lilikuwa kamera. Apu inataka kukuona, ipime mkono umeinuka kiasi gani. Lakini mimi nina shanga, zimepanda kutoka mabegani mpaka kidevuni, na nyingine nilivishwa na mama yangu. Kila nikisimama mbele ya simu, yule wa sauti ya maziwa anasema, "Bega halionekani. Tafadhali ondoa kinachoziba." Nikamwambia aondoe yeye kinachoziba masikio yake. Mwanamke wa hapa havui shanga zake hivi hivi. Ukionekana shingo tupu, watu wanaanza kutafuta ni nani amekufa. Siku Nakiru alipokuja kunisalimia aliona nimekasirika, akaizima kamera. Akasema haina neno, bila kamera apu itaendelea kwa kuniuliza tu.

Na kweli ikawa inaniuliza.

Kila asubuhi: "Habari za leo? Bega lako linaendeleaje?" Halafu zinatokea sura kwa mstari. Ya kwanza inacheka meno yote nje, ya mwisho inalia.

Sasa niambieni nyinyi, watu wa nyumbani. Mtu akikusalimia asubuhi, unajibu nini?

Unajibu ejok. Ni nzuri. Ng'ombe wote wamekufa, ejok. Mtoto ana homa, ejok. Ndiyo adabu, hujibu salamu ya mtu kwa kumtupia mzigo wako usoni kabla hajaketi. Anakusalimia, unamjibu vizuri, anaketi, anapewa maji. Kisha anauliza tena, taratibu, habari hasa ya hapa ni ipi, na hapo ndipo unamwambia kwamba ng'ombe wamekufa. Hata mtoto anajua hivyo.

Kwa hiyo nilibonyeza ile ya kucheka. Na nikasema ejok kwa sauti, kwa sababu sikutaka yule mwanamke anione sina malezi. Halafu nikangoja aulize mara ya pili.

Hakuuliza. Alisema, "Hongera!" Vikaruka vitu vya kung'aa.

Nikadhani ndivyo walivyo watu wa mjini, wana haraka. Kesho yake akasalimia tena, nikajibu tena.

Bega lilikuwa linauma. Niliseme vizuri: lilikuwa linauma kama kaa la moto lililofungiwa ndani ya nyama. Usiku nilikuwa natafuta mahali pa kuuweka mkono sipati. Lakini sikudhani kwamba maumivu hayo ni habari ya kumpelekea mtu. Dawa ya bibi yangu ilikuwa ikichoma, tukaambiwa ikichoma inafanya kazi. Nimejifungua bila kupiga kelele. Nikajiambia, bega nalo linajifungua.

Na yule mwanamke ananisifu! Kila siku chache anasema umepanda hatua, umepanda hatua. Kutoka kuyumbisha mkono kama mkia wa ng'ombe, akanipeleka kwenye ukuta. Kutoka ukutani, kwenye fimbo. Kutoka kwenye fimbo, kuvuta mpira; nikakata tyubu ya pikipiki kwa sababu ule mpira wao sina. Barasa akanitumia sauti yake kutoka Lodwar: "Shosho, wewe ni namba moja! Hakuna mgonjwa wangu anaendelea hivi." Niliwasikilizisha watu wote sokoni. Niliisikilizisha hata ile maiti ya fito iliyosimama pale nyumbani. Nikazungumza na zile fito, nikaziambia, subirini kidogo.

Furaha ndiye aliyenitazama usoni siku moja, unga mikononi, akasema, "Mama Ekal, iyi mazoezi inakutoa jasho ya nini? Jua haiyatoka bado." Nikamwambia achome mandazi yake.

Halafu akaja na chupa. Yule wa kwenye simu, si Furaha. Chupa ya maji, ijae, uishike, uinue polepole mpaka juu ya kichwa.

Juu ya kichwa! Nilifurahi kama msichana. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nikasimama katikati ya fito zangu, mahali penyewe, nikaishika chupa, nikainua. Ikafika usawa wa jicho. Nikasema, huyu ni mkono wangu, namjua, nitamlazimisha. Nikasukuma.

Kitu kikakatika ndani.

Chupa ikaanguka. Mkono ukaanguka. Nikauita urudi juu na haukuja. Uliniuma, ndiyo, lakini kilichonitisha si maumivu. Nilikuwa nauamuru mkono na mkono hausikii, kana kwamba ni wa mtu mwingine ulioazimwa kwangu.

Lililonipeleka Lodwar ni gari la jirani lililokuwa linapeleka ngozi. Barasa alinipokea mlangoni akitabasamu, namba moja wake amekuja. Alipougusa mkono tabasamu likaondoka. Akasema tufanye skeni, na skeni inataka shingo na bega viwe wazi.

Nilizivua shanga. Nakiru alisimama nyuma yangu akizipokea moja moja, na sikugeuka kumtazama kwa sababu ningelia mbele ya watu.

Baada ya skeni Barasa akaketi kwenye kiti kidogo mbele yangu.

"Shosho, hii bega imekuuma tangu lini?"

"Tangu punda."

"Hapana. Nauliza wakati wa mazoezi."

"Nami nakujibu. Tangu punda. Halikuacha hata siku moja."

Akafungua kompyuta, akanigeuzia. Zile sura. Mstari kwa mstari, zote zinacheka, meno nje, kama watoto wa shule waliopigwa picha.

"Na hizi ni nini sasa? Kila siku umeniambia hakuna maumivu. Apu inaona hakuna maumivu, inakuongezea. Na mimi naona hakuna maumivu, nanyamaza."

"Ulinisalimia," nikasema. "Nikakujibu. Ningefanyaje? Nikulilie asubuhi yote hujaniuliza hata mara ya pili?"

Kijana wa watu alifunika macho kwa kiganja. Nilidhani ananicheka, nikajiandaa kumtukana. Hakuwa anacheka. Akasema, "Mimi pia sikupiga simu, shosho. Ningepiga." Hakusema zaidi, na nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Halafu akanieleza. Kuna kano inayoinua mkono, ule uzi mgumu unaoshika nyama kwenye mfupa. Ilikuwa imechubuka tangu punda, na kwa hatua zangu zote za hongera nimekuwa nikiipasua kidogo kidogo. Sasa imechanika sehemu kubwa. Kuna daktari wa mifupa Eldoret anayeweza kuitazama, labda aishone, labda aseme umri umepita. Katika kungoja, nirudi mwanzo. Kuyumbisha mkono kama mkia wa ng'ombe. Basi.

Nikamuuliza swali moja tu. Kama nitaufikisha tena juu ya kichwa.

"Sijui, shosho."

Nimeambiwa maneno mabaya mengi maishani. Hilo ndilo lililonikalia kifuani. Afadhali angesema hapana, ningempinga.

Nilirudi Kakuma shingo tupu, kwa sababu bega lilikuwa limevimba na shanga zilikuwa zinalikandamiza. Niliposhuka tu, mama mmoja wa upande wetu akaniona. Akashika kichwa. Mwingine akatoka nyumbani mwake mbio, tayari analia, anauliza, "Nani? Ni nani amekufa? Ni Ekal?"

Nikasema, "Mkono."

Hawakujua wacheke au waendelee kulia. Mimi pia sikujua.

Tangu siku hiyo sikuiongelesha simu mpaka leo. Sikula vizuri. Nimelala chini ya turubai lililofungwa kwenye zile fito, na kila upepo ukipita linapiga kelele kama linanidai maelezo. Nimewaza mabaya. Nimewaza kwamba mwanamke asiyeweza kufunga nyumba ni mzigo kwenye punda wa watu wengine. Nimewaza kwamba huyu Mungu ambaye Furaha anamwimbia Jumapili angenichukua mguu, miguu ninayo mingi ya kutosha, na hata hivyo siendi mbali tena. Kwa nini mkono? Sina wa kumuuliza.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwa Furaha kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Simu ilikuwa mfukoni mwake, nilimwachia. Ikalia. Habari za leo? Bega lako linaendeleaje? Zikatokea zile sura.

Furaha akanisogezea. Kidole changu kikasimama hewani. Nawaambia ukweli, nilitaka kubonyeza ya kucheka. Hata sasa, na nyama imechanika, kidole kilikuwa kinaelekea huko chenyewe kama mbuzi anayejua njia ya kisimani.

"Mama Ekal," Furaha akasema, "weye iko mutu wa namna gani? Iyi kitu haikusalimie. Iko inakuuliza ugonjwa."

"Aibu," nikamwambia.

"Aibu ya nani? Ya simu? Batu ba kwenu mulizaliwa na mawe? Kwetu Uvira mutu akiumwa na jino, analia mpaka mutaa yote inaamuka, na banaleta chakula. Mimi nililia Kongo, nililia Burundi, nililia hapa Kakuma ku mulango ya ofisi. Angalia, niko hai, ninanenepa."

Na kweli amenenepa. Nikacheka, na nikiwa bado nacheka nikabonyeza ile ya mwisho. Inayolia.

Kisha kicheko kikageuka. Sijui niseme vipi. Nililia mbele ya mandazi, mbele ya watu wanaonunua, mwanamke wa umri wangu. Kilikuwa kilio kirefu, na Furaha aliwahudumia wateja wake juu ya kichwa changu bila kunitoa pale.

Yule wa sauti ya maziwa akasema, "Pole. Leo usifanye mazoezi. Ujumbe umetumwa kwa mtaalamu wako." Nikamwita mchongezi. Muda si muda Barasa akapiga. Hakunisalimia, alijua. Aliuliza wapi panauma, na baada ya kumjibu akauliza tena, na tena, mpaka nikamwambia amekuwa polisi. Akasema niyumbishe mkono jioni jua likipungua, kidogo tu, na Eldoret wamempa nafasi lakini si karibu. Mvua itafika kabla ya Eldoret. Hilo tulilijua wote wawili.

Sijapona kwa sababu ya sura inayolia. Nisiwadanganye. Mkono umelala hapa mapajani ninapoongea, mzito, hausikii.

Ekal naye amepiga. Ameona mawingu kutoka huko. "Mama, mimi nakuja Ijumaa. Nimeshaongea na mwenye pikapu." Nikautazama mkono. Akasema, "Mama? Unanisikia?" Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Furaha alifunga kibanda mapema, akanifuata nyumbani, akasimama akizitazama fito. Amewahi kuniomba mara nyingi nimruhusu anisaidie, na kila mara nilimwambia nyumba yangu haifungwi na mtu wa mabati. Leo hakuomba. Alikunja kitenge, akapanda juu ya debe, akaishika kamba ya mkoma kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

Ningeweza kumwambia ashuke. Mdomo ulifunguka kwa ajili hiyo.

Nikamwambia, "Si hivyo. Pitisha chini kwanza. Chini! Halafu kaza kwa kiwiko, si kwa vidole, unadhani unasuka nywele?"

"Iko inateleza, Mama Ekal."

"Itelezeshe basi, usiibembeleze."

Fundo la kwanza ni baya. Nimeliangalia kutoka pande zote, ni baya. La pili ni baya zaidi. Jua limechwea na utosi umefungwa upande mmoja tu, upande wa Tarach, na upande wa pili fito bado zinatazamana. Furaha amerudi kambini, viganja vimechubuka. Amesema kesho. Kesho ni Jumatano, kisha Alhamisi, na mawingu hayajasogea kurudi nyuma hata kidogo. Sijui kama tutamaliza. Sijui kama Ekal ataiona nyumba au ataona mzaha. Nimekaa chini ya vile vifundo vibaya na kifua kinaniuma mahali ambapo simu haijaniuliza.

Sijazoea kusema ninalotaka kusema sasa, kwa hiyo nalisema mara moja.

Nyinyi mlionipotea, mkija safari hii msiniandikie pole kwenye ukurasa. Njooni wenyewe, kabla ya Ijumaa. Ulizeni njia kwa Furaha wa mandazi. Mkifika inameni, ingieni, tazameni juu, na popote mtakapoona kamba imelegea, fungeni fundo moja. Kwani wewe mikono yako miwili si mizima?